Shajara ya mradi: felti inayohama na ulimbo kwenye rola

12 Februari

Kazi imekabidhiwa leo. Bosi hakuwa na maneno mengi: "Karatasi inakatika mno kwenye draya. Tafuta chanzo, kisha tafuta dawa." Mashine yenyewe ni ya mtumba, ya miaka mingi, inatengeneza karatasi ya kahawia ya maboksi na mifuko. Malighafi ni maboksi chakavu yanayokusanywa Kariakoo, Temeke na kwingineko jijini. Kiwanda sitakitaja jina.

Kwa ambaye hajawahi kusimama kando ya mashine ya karatasi: rojo ambalo zaidi ya asilimia 99 yake ni maji tupu linamwagwa juu ya waya mpana unaozunguka. Maji yanachujika, kinachobaki juu ni karatasi mbichi isiyoweza hata kujibeba. Felti ya presi inaichukua na kuipitisha kati ya rola mbili zinazoikamua. Inaingia draya, sehemu ya kukaushia, ikiwa bado zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, inazungushwa kwenye silinda za chuma zilizojaa mvuke huku felti nyingine ikiibana (silinda zimegawanywa makundi, kila kundi na felti yake), na inafika kwenye rili, pale inapoviringishwa, ikiwa imebaki na unyevu wa asilimia 6 hadi 8. Njia nzima hiyo karatasi haina reli. Hakuna kitu kinachoishika pembeni, si upande wa mota inayoendesha mashine, si upande anaosimama opereta. Inakwenda inakopelekwa na rola na felti, na rola au felti ikiwa na lake jambo, karatasi inalibeba.

14 Februari

Nimeshinda ofisini na daftari la shifti. Kila aliyelipitia kabla yangu alihesabu mara ngapi karatasi imekatika. Mimi nimesoma maelezo ya pembeni, yale yaliyoandikwa kwa haraka saa kumi alfajiri. Sentensi moja inajirudia mpaka inachosha: "Felti ya kundi la kwanza imehama upande wa mota. Rola ya usukani imerekebishwa."

Nikamtafuta mzee wa shifti ya usiku, ambaye ameifanyia kazi mashine hii tangu ifungwe hapa. Nilimkuta anakunywa chai.

"Shikamoo mzee. Hii felti inahama kila siku?"

"Marahaba. Kila siku, lakini si kwa namna moja. Baada ya kuosha Jumapili inakimbilia upande wa opereta. Ikifika Jumatano imeshavuka katikati. Ijumaa iko kwa mota, inataka kula fremu. Wewe mwanangu angalia Jumapili."

Hilo halimo kwenye daftari. Felti yenye kasoro ya mshono au rola iliyokaa upande haisubiri siku ya juma. Kinachokua kuanzia Jumapili mpaka Ijumaa na kuondoka kwa kuoshwa ni uchafu.

15 Februari

Hesabu ndogo kwa ajili ya bosi, maana yeye anaamini namba. Chukua rola ya felti yenye kipenyo cha milimita 300. Ikijenga ganda la milimita 1 kuzunguka, kipenyo kinakuwa 302. Mwendo wa uso wake umeongezeka kwa asilimia 0.67. Kwa mashine inayokwenda mita 200 kwa dakika, sehemu ile chafu inajaribu kupitisha zaidi ya mita 1.3 za ziada kila dakika. Ndani ya draya tofauti ya mwendo tunayoweka makusudi ili karatasi ikae imenyooka haifiki hata asilimia 1. Kwa hiyo ganda lenye unene wa kucha linaweza kufanya kazi kubwa kama ile tunayoifanya sisi kwa kurekebisha gia, tofauti ni kwamba lenyewe linaifanya upande mmoja tu.

Na felti, kama mkanda wowote, hupanda kwenda upande wenye kipenyo kikubwa. Ganda likiwa upande wa mota, felti inaelekea mota. Opereta anapindua rola ya usukani kuirudisha. Kesho ganda limenenepa, anapindua tena. Jumapili tunaosha, ganda linaondoka, lakini usukani umebaki umekatwa kule ulikokatwa. Felti inapaa upande wa opereta. Maneno ya mzee yote yameeleweka.

Bosi kauliza, "Kwa hiyo tatizo si usukani?" Nimemjibu kwamba usukani nao una yake, ila miezi yote hii tumekuwa tukiutumia kupambana na ulimbo, huo uchafu unaonata.

19 Februari

Umeme umekatika kutwa. Boila imepoa. Hakuna kilichofanyika zaidi ya kuagiza gasketi.

23 Februari (siku ya kuosha)

Leo nimeomba maji yasifunguliwe mpaka nimalize kuangalia. Tumefunga swichi kuu kwa kufuli, kila fundi na kufuli lake na ufunguo mfukoni, mvuke umefungwa, silinda zimeachwa zipoe. Nimepanda na tochi.

Rola ya felti ya kundi la kwanza, ile inayogusa uso wa felti unaobana karatasi, ina ganda kuanzia ukingo wa mota kwenda ndani karibu mita moja. Kwa mbali unaweza kudhani ni kutu. Ukilikuna kwa bisibisi linatoka vipandevipande, kahawia iliyokoza, limekaa tabaka juu ya tabaka kama ukoko wa wali ulioungua. Lina nyuzi za karatasi, vumbi, na ndani yake vipande vidogo vinavyong'aa: selotepu. Nimekibana kipande kati ya vidole. Kikiwa baridi ni kigumu, kikipata joto la mkono kinaanza kunata. Huo ndio ulimbo wenyewe: gundi za selotepu, gundi za kufungia maboksi, nta, vyote vimeingia na maboksi chakavu.

Upande wa opereta rola ni safi. Kwa nini upande mmoja? Nimefuata nyuma njia ya karatasi mpaka silinda ya kwanza, na jibu liko pale. Silinda ya kwanza ina dokta, yaani bledi ndefu inayolala kwenye uso wa silinda na kuukwangua muda wote inapozunguka. Kishikio cha dokta kimepinda upande wa mota. Bledi imeinuka, karatasi ya ofisini inapita kati yake na silinda bila kuguswa. Hapo silinda haijakwanguliwa kwa muda mrefu, ina madoa meusi yaliyoungua. Madoa yanamenyuka kidogokidogo, karatasi inayabeba, yanahamia kwenye felti, felti inayapeleka kwenye rola.

Kisha kuna jambo la pili ambalo sikulitarajia, ila linaingia palepale. Ganda kwenye silinda linazuia joto. Ukingo wa mota wa karatasi unatoka na unyevu kuliko katikati. Opereta anaona ukingo mbichi, anaongeza mvuke. Silinda ya kwanza inakuwa moto kuliko inavyotakiwa, na karatasi mbichi ikikutana na chuma cha moto sana inanata na kuacha nyuzi zake pale. Ndiyo maana silinda za mwanzo huwekwa joto la chini, kisha linapandishwa taratibu kadiri karatasi inavyokauka. Sisi tulikuwa tunachoma mwanzoni ili kuokoa ukingo mmoja.

24 Februari

Kuhusu dokta, kwa sababu hapa ndipo fedha itakapokwenda.

Bledi ya kusafisha silinda inakaa kwa pembe ya nyuzi 25 hadi 30 dhidi ya uso wa silinda, ikikabili mzunguko. Mkandamizo hauhitaji kuwa mkubwa: nyutoni 200 hivi kwa kila mita ya urefu, yaani uzito wa kilo 20 uliotandazwa mita nzima. Watu wakiona uchafu haufutiki wanakaza. Ukikaza sana bledi inakula silinda, au inapinda na kuanza kuchezacheza, na ikichezacheza inaacha mistari. Kinachoamua usafi ni ncha. Bledi mpya ina ncha nyembamba. Ikitumika inalika na kupata kisigino kipana, mkandamizo uleule unasambaa kwenye eneo kubwa, na uchafu unapita chini. Bledi niliyoitoa jana ilikuwa na kisigino kinachoonekana kwa macho tu, bila geji. Ilipaswa kutupwa zamani.

Kingine: dokta lazima icheze kushoto na kulia, milimita chache tu, polepole. Ikikaa palepale, kokoto moja iliyonasa kwenye ncha itachora mfereji kwenye silinda. Kifaa cha kuisogeza tunacho. Kilikuwa kimefungwa kwa waya wa kufungia nondo. Nani alikifunga na kwa nini, hakuna anayejua, na kila niliyemuuliza amecheka.

Dokta ina kazi ya pili ambayo vijana wapya hawaambiwi. Karatasi ikikatika, inataka kujifunga kwenye silinda na kuendelea kujiviringa humo. Bledi ndiyo inayoimenya na kuiangusha chini. Ikishindwa, dakika moja tu inatosha kupata furushi linalosukuma felti, linakunja rola, au linapasua felti yenyewe. Felti mpya inaagizwa nje, inasubiriwa bandarini, na bei yake inamfanya mhasibu avue miwani.

27 Februari

Ununuzi wamekubali bledi za chuma kwa silinda. Kwa rola ya felti nimeomba bledi ya plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, na hapo tumekwama. Stoo ina chuma tele, wanasema, kwa nini nisitumie kile? Nimewaonyesha rola ya mpira ya presi iliyofungiwa bledi ya chuma na fundi wa nje, kabla sijaja: uso umechanika mistari mirefu, na kila mstari unajaza uchafu wake. Bledi lazima iwe laini kuliko kile inachokikwangua. Rola ya felti si ya mpira, ni bomba la chuma, lakini ni jembamba na linatikisika kidogo, na bledi ya chuma juu ya kitu kinachotikisika inageuka msumeno.

Wameagiza.

2 Machi (siku ya kuosha)

Kishikio cha dokta kimenyooshwa. Tulikipasha moto, tukakivuta kwa jeki, tukakipima kwa uzi uliokazwa ncha hadi ncha. Si kazi ya kupendeza lakini kimekaa. Bledi mpya imeingia. Kipimo cha karatasi ya ofisini: urefu wote wa bledi, karatasi inabanwa kila mahali. Kifaa cha kuchezesha kimefunguliwa waya, kimepakwa grisi, kinatembea.

Madoa ya zamani kwenye silinda tumeyatoa kwa mkono, silinda ikiwa imesimama na baridi. Nasisitiza kwa sababu ya nilichokiona wiki iliyopita: kijana ameshika kipande cha bapa chenye ncha, anakwangua silinda inayozunguka, sentimita chache kutoka pale felti inapoingia kwenye silinda. Mahali felti na silinda zinapokutana panavuta mkono ndani bila kukupa nafasi ya kuuachia. Nimemwita pembeni. Akasema, "Kaka, tukisimamisha mashine tunagombezwa." Hakuwa na kosa, alikuwa anafanya kazi ya dokta iliyoinuka. Lile bapa nimelichukua, liko kabatini kwangu.

5 Machi

Sasa usukani. Rola ya usukani ya felti hufanya kazi kwa kanuni moja: felti huelekea ncha ya rola inayoigusa kwanza. Ukisogeza ncha ya upande wa opereta ikutane na felti mapema, felti inakwenda kwa opereta. Ukiisukuma mbele, kama felti inavyokwenda, felti inaelekea mota. Milimita chache zinatosha, na jibu haliji papo hapo. Linakuja baada ya felti kuzunguka mara kadhaa. Opereta asiye na subira anapindua, haoni kitu, anapindua tena, kisha yote yanakuja kwa pamoja na felti inavuka upande wa pili.

Kwa mashine yetu kazi hiyo ilipaswa kufanyika yenyewe. Kuna kasia dogo linalogusa ukingo wa felti, linafungua valvu ya hewa, hewa inajaza puto moja na kupunguza jingine, na ncha ya rola inasogea. Kasia lipo, ila valvu ilikuwa imeganda. Nilipoifungua, maji ya kutu yalinimwagikia mkononi. Kompresa inaleta maji, kitenganisha maji hakikuwahi kumwagwa. Ndiyo sababu walizoea kurekebisha kwa gurudumu la mkono.

Nimefunga valvu mpya na kichujio, na kwenye kadi ya ukaguzi wa asubuhi nimeandika mstari mmoja: mwaga maji ya kichujio.

8 Machi

Mzee ameniuliza kama zamani walikuwa na shida hii. Nimemwambia mfumo wa felti kubana karatasi kwenye silinda za mvuke una zaidi ya miaka 200: Thomas Bonsor Crompton alipata hataza yake Uingereza mwaka 1820. Mashine ya kwanza kabisa ya karatasi isiyokatizwa, ya Nicolas-Louis Robert huko Ufaransa mwaka 1799, haikuwa na draya. Karatasi ilitoka mbichi ikaanikwa. Mzee akasema hao walikuwa na bahati, selotepu haikuwepo.

9 Machi (siku ya kuosha)

Bledi za plastiki hazijafika. Leo tumepima ukaaji wa rola za kundi la kwanza, kwa sababu sitaki kuulaumu ulimbo kwa kila kitu. Hatuna darubini ya kupimia, tumetumia utepe wa chuma na mizani ya kuvuta ili kila kipimo kivutwe kwa nguvu ileile. Tunapima umbali wa rola na rola upande wa opereta, kisha upande wa mota, kisha mshazari kwa mshazari. Rola zote za kundi la kwanza zimekaa vizuri isipokuwa moja, na hiyo tumeirudisha kwa shimu, vipande vyembamba vya bati vya kuinulia. Kundi la tatu nimelipima pia kwa kupita, na kuna rola moja imenitia shaka. Nimeiwekea alama ya rangi.

14 Machi

Kwenye presi. Felti ya presi haikwanguliwi, inaoshwa. Kuna bomba lenye nozeli za milimita 1, maji ya presha kubwa, na bomba zima linasogea polepole kushoto na kulia. Hapa kuna hesabu inayosahaulika. Kwa kila mzunguko wa felti, bomba linatakiwa kusogea upana wa nozeli moja, milimita 1, ili maji yapite kila mahali bila kuruka. Felti yetu ina urefu wa mita 15. Kwa mita 200 kwa dakika inazunguka kila sekunde 4.5. Nozeli zimeachana milimita 150. Kwa hiyo kutoka nozeli moja mpaka nafasi ya jirani yake ni mizunguko 150, yaani dakika 11 na zaidi. Bomba letu lilikuwa linakimbia nafasi hiyo kwa chini ya dakika moja, kwa sababu mota ilibadilishwa na kuwekwa yoyote iliyopatikana. Likienda kasi hivyo maji yanachora michirizi ya mshazari kwenye felti: mstari msafi, mstari mchafu. Mstari mchafu haunyonyi maji, na karatasi inaingia draya na michirizi ya unyevu.

Mota nyingine yenye gia ya kupunguza mwendo imepatikana eneo la Gerezani kwa bei ya maelewano. Kesho inafungwa.

20 Machi

Bledi za plastiki zimefika. Urefu ni sahihi, unene ni sahihi. Nashukuru.

23 Machi (siku ya kuosha)

Dokta mpya imefungwa kwenye rola ya felti ya kundi la kwanza. Kishikio tumekitengeneza wenyewe karakana kwa chuma cha pembe, bawaba mbili na puto la hewa la kukandamiza. Upande wa chini tumeweka sinia la bati la kukinga makapi, maana yakiangukia kwenye karatasi tumerudi tulikotoka. Na makapi makavu yakilundikana karibu na silinda za mvuke ni kuni. Sinia linatolewa na kumwagwa kila shifti.

Usukani tumeurudisha katikati, kwa alama.

28 Machi

Ijumaa. Nimekuja mapema kuliko kawaida kuangalia felti. Iko katikati, kasia linacheza kidogo tu. Kwenye sinia kuna makapi ya kahawia kiasi cha kiganja, yamejikunja, yananata. Opereta wa asubuhi alikuwa ameshika gurudumu la mkono kwa mazoea. Nikamwambia aliache, akabaki amesimama hajui mikono aiweke wapi. Ukingo wa mota umekauka sawa na katikati, kwa hiyo ameweza kupunguza mvuke wa silinda ya kwanza, na madoa mapya sijayaona.

Karatasi bado inakatika. Si kama mwanzo, na haikatiki tena pale pale. Ya leo ilikatikia kwenye kundi la tatu.

2 Aprili

Kikao na watu wa malighafi, kwa sababu dokta inaondoa ulimbo uliokwisha kufika kwenye rola, na mimi ningependa usifike. Chujio letu la mwisho lina nyufa za milimita 0.2, linazuia plastiki na mchanga vizuri. Gundi ni tabia nyingine: rojo likiwa la moto inalainika, inajinyoosha na kupenya ufa, kisha inajikusanya tena upande wa pili. Tumekubaliana mambo mawili. Kwanza, halijoto ya rojo kwenye chujio ishuke. Pili, tujaribu unga wa talki, unaoigandamia gundi na kuiondolea unato kabla haijafika mbele.

La kuwaambia wanaotuuzia maboksi watoe selotepu, limezungumzwa na kuachwa. Anayeokota analipwa kwa kilo. Hakuna atakayekaa kumenya selotepu bure, na bei ya kumlipa amenye haijakubaliwa na mtu yeyote mezani.

6 Aprili (siku ya kuosha)

Kundi la tatu. Ile rola niliyoitia alama: haina ganda, ni safi kabisa, na felti yake bado inaelekea mota, Jumapili na Ijumaa vilevile. Hiyo si ya ulimbo. Nimeweka geji chini ya shafti na kuinyanyua kwa mtaimbo. Upande wa mota inapanda zaidi kuliko beringi nzima inavyoruhusu. Beringi imeandikwa kwenye oda. Mpaka ifike, usukani wa kundi la tatu utaendelea kukatwa kwa mkono, na nimewaandikia maopereta kwenye ubao: mguso mdogo, kisha subiri felti izunguke.